Magunia Yalikuwa Makavu

Mbavu zililetwa juu ya ubao zikiwa bado zinachuruzika mafuta, na kando yake kachumbari na ugali wa kushibisha watu wanne. Nao walikuwa wawili tu. Wekulo alizitazama bila kuzigusa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepima mizigo na abiria wa Mbayuwayu Air, na katika miaka hiyo yote meneja Dedan hakuwahi kumnunulia hata soda. Leo alimpakia kwenye gari lake, kiti cha mbele, akamleta mpaka Soko la Burma na kumwambia mchoma nyama akate pale penye mafuta.

"Kula, mzee," Dedan alisema. "Mtu wa mizani hawezi kuwa mwembamba namna hiyo. Wateja watadhani tunakunyima."

Wekulo akacheka, maana mdosi akitania, mfanyakazi hucheka. Halafu akaona aibu kwa kucheka. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu ndege ya kampuni, ile ya injini moja iliyong'olewa viti vya nyuma ili miraa ipate nafasi, iondoke uwanja wa Wilson saa saba mchana kwenda Mandera na ikashindwa kupaa. Ilivuka ua wa mbuga ya wanyama, ikachana vichaka, ikaanguka. Abiria watatu walikuwa hospitalini wamevunjika viuno na miguu. Rubani, Kepteni Nuradin, kijana wa Eastleigh wa miaka thelathini na mmoja, alizikwa kesho yake. Wekulo hakwenda kumzika. Alikuwa ofisini akiandika taarifa ya kwanza, na Dedan amesimama nyuma ya kiti chake.

Dedan akapangusa vidole, akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Hii ni taarifa yako ya pili, ile ya wachunguzi. Nimekupunguzia kazi, nimeshaiandika. Wewe utaweka sahihi tu. Inasema ulipima magunia ishirini na mawili ya miraa, yakatoka kilo elfu moja na tisini. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Ukiongeza abiria na mikoba yao, ndege ikabaki chini ya kiwango. Kwa kilo tano. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na inasema magunia yalikuwa makavu wakati wa kupakiwa."

Wekulo akauweka mfupa chini. "Hapo, bosi..."

"Hapo nini?"

"Yalimwagiwa maji. Baada ya mizani. Wewe mwenyewe ulisema..."

"Mimi nilisema nini?" Dedan hakupaza sauti. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaozidi kuwa wapole kadiri wanavyokukaba. "Nilisema miraa isikauke. Sikushika paipu. Nani alishika paipu, Wekulo?"

Wekulo akageukia upande. Meza ya pili watu walikuwa wanagombania supu.

"Alishika mkeo. Kitabu cha vibarua kiko kwa meza yangu, jina lake liko ndani. Wachunguzi wakijua ndege ilizidi uzito kwa sababu ya maji, swali la kwanza ni nani aliyemwaga. Unadhani watakuja kunifunga mimi? Mimi nilikuwa ofisini. Watamchukua Nangila. Na wewe watakuchukua, kwa sababu rubani alikuuliza uzito, ukamwambia uko sawa, ukijua hauko sawa. Sasa huyo msichana wenu atalelewa na nani?"

"Lakini hii inasema Nuradin ndiye alikosea."

"Haisemi hivyo. Inasema tu uzito ulikuwa sawa. Hayo mengine watayamaliza wenyewe." Dedan alijaza mdomo nyama, akatafuna bila haraka. "Sikia, bima hailipi ndege iliyozidishiwa mzigo. Hailipi hata bandeji ya wale walio hospitali. Lakini rubani akikosea, inalipa. Wagonjwa wanalipwa, kampuni inasimama, wewe unabaki na kazi. Hata mama yake Nuradin atapata kitu. Na Nuradin hawezi kufutwa, hawezi kufungwa. Huyo ndiye mtu pekee ambaye hii karatasi haiwezi kumuumiza."

Kisha akaitisha gazeti, akazifunga mbavu zilizobaki na kumsogezea. "Mpelekee mkeo, Mama Ayuma."

Wekulo alizipokea. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko sahihi yenyewe, kwamba alizipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

*

Walikaa mtaa wa Mowlem, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pazia karibu na dirisha alilala Ayuma, binti yao wa kidato cha pili. Nangila alikuwa ameketi mlangoni, mahali penye mwanga, anashona gunia kwa sindano ndefu iliyopinda. Kazi ya kuziba matobo aliifanyia nyumbani, na siku zenye ndege aliifanyia kule kule uwanjani, kwenye banda la mizigo, pamoja na kufagia majani ya migomba na kumwagilia mzigo unapoanza kunyauka. Dedan alimpa shilingi mia tatu kwa siku, mkononi, bila kutia sahihi popote. Nangila aliona ni heri hivyo. Mumewe kila mwezi alikatwa hiki na kile, yeye mia tatu yake ilifika Mowlem ikiwa mia tatu.

Alipoliona furushi la gazeti na mafuta yaliyokwisha kulilowesha, aliacha kushona.

"Nani tena amekufa?" aliuliza.

Wekulo hakucheka. Akaiweka karatasi mezani, akamweleza yote, kwa sauti ya chini ingawa Ayuma alikuwa bado hajarudi kutoka shule. Nangila alisikiliza bila kumkatiza. Lilipotajwa jina lake na kitabu cha vibarua, uso ulimbadilika.

"Nifungwe mimi? Kwa maji?"

"Ndivyo anavyosema."

"Lakini ni yeye! Si alitoka pale mlangoni akapiga kelele, mwagieni maji, wateja wa Mandera wananitukana kwa simu? Si ulisikia?"

"Nilisikia."

Wote wawili waliiona tena siku ile. Miraa ilifika kutoka Meru alfajiri, imefungwa kwenye majani ya migomba, kama kawaida. Kawaida mzigo ukipimwa hupakiwa papo hapo na ndege kuondoka, miraa ikiwa bado na umande wake. Lakini siku ile kulikuwa na mheshimiwa fulani aliyekodi viti viwili vya mbele, akapiga simu kusema asubiriwe. Akasubiriwa kwa saa nne. Hakuja, wala hakupiga simu tena kusema haji, na jua likapiga bati la banda mpaka majani yakaanza kujikunja. Viti vyake viwili vikauzwa palepale kwa abiria wengine. Watu wakapimwa. Magunia yaliyokwisha kumwagiwa maji hayakurudi kwenye mizani, kwa sababu kuyarudisha kungechukua saa nzima na Dedan alikuwa ameshikilia simu mbili.

"Baba Ayuma," Nangila alisema, "nilimwaga mara mbili."

"Mara mbili vipi?"

"Ya kwanza aliniambia. Nikaona bado yanajikunja. Ile wiki ya Pasaka miraa ilinyauka, si alinikata mia tatu ya siku tatu? Nikaogopa. Nikarudia, bila kuambiwa na mtu." Alilitazama gunia mapajani mwake. "Gunia likishiba maji linaongeza kilo sita, saba. Mimi nayajua, mimi ndiye nayainua kila siku. Magunia ishirini na mawili. Hebu hesabu."

Wekulo hakuhitaji kuhesabu. Alikuwa ameshahesabu siku nane mfululizo, ila alikuwa akihesabu maji ya mara moja.

Na Nuradin alikuwa amemuuliza. Hilo alikuwa nalo kifuani kama mwiba. Marubani wengine walichukua tu karatasi ya uzito na kutia sahihi. Nuradin kila safari alikuja mwenyewe, akapanda mizani na begi lake, akisema, "Nipime na mimi, usije ukaniacha nje ya hesabu." Kisha akishuka: "Uzito uko sawa, Baba Ayuma?" Siku ile mzigo ulikuwa umeshafunikwa turubai, Dedan yuko nyuma anamhimiza. Wekulo aliona maji yanatiririka sakafuni kutoka chini ya ile turubai. Angesema neno moja. Lakini neno hilo lingemaanisha kushusha magunia yote, mbele ya Dedan, mbele ya vibarua, mbele ya abiria waliochoka kungoja, na yeye si mtu wa kusimamisha ndege. Akasema, "Uko sawa, Kepteni."

"Weka sahihi," Nangila alisema.

"Mama Ayuma..."

"Weka sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri."

Akaiweka kwa kalamu ya Ayuma, ile ya kuchorea ramani. Binti aliporudi alinusa kutoka ngazini.

"Wacha! Nyama ya Burma? Daddy, kwani tumeomoka, tumekuwa matajiri?"

"Kula, mama," Wekulo alisema.

Ayuma akala peke yake, akaramba vidole, akauliza mbona wao hawali. Walimwambia wameshashiba.

*

Jumapili, walipokuwa wametoka kanisani na viatu bado viko miguuni, mlango ulibishwa. Alikuwa mama wa makamo, amejitanda shungi jeusi, anahema kwa ajili ya zile ngazi. Mkononi alikuwa na mfuko wa sukari kilo mbili na majani chai.

"Hapa ni kwa Baba Ayuma wa mizani?" aliuliza. "Mimi ni Raho. Mama yake Nuradin."

Nangila alimpokea mfuko. Hakujua auweke wapi, akabaki ameukumbatia. Wekulo alivuta kile kiti kimoja chenye mto, akampanguzia vumbi ambalo halikuwepo.

"Pole sana, mama," alisema. "Pole. Tulitaka kuja."

"Najua mlikuwa na kazi." Raho aliketi. Alitazama chumba, pazia, gunia lililokunjwa pembeni na sindano imechomekwa juu. "Mwanangu alikutaja sana. Alikuwa akija nyumbani anasema, mama, usiogope ndege ndogo, pale kwetu kuna mzee Mluhya, yule akisema kilo ni kilo. Kwa hivyo nimekuja kwako. Sijaenda kwa wakubwa. Wakubwa wameniita ofisini wakaniambia Nuradin alivuta ndege juu kabla haijapata mwendo. Wanasema ni haraka ya ujana. Mimi sijui ndege. Lakini huyo mtoto nilimzaa mimi. Hata chai alikuwa anapuliza mpaka ipoe."

Jirani wa chini alikuwa amewasha redio ya mahubiri.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuongea naye. Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza uzito, mama."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko sawa."

"Na ulikuwa sawa?"

Nangila alikuwa amewapa mgongo, anajifanya anawasha jiko. Wekulo aliuona mgongo ule ukikaza. Kama angegeuka, pengine angesema. Hakugeuka.

"Ulikuwa sawa," Wekulo alisema.

Raho alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Basi ni yeye. Alhamdulillahi. Nilikuwa nataka kusikia kutoka kwa mtu anayempenda." Akainua viganja vyake viwili. "Mungu akulinde wewe na mke wako na binti yenu. Akupe umri. Asikuonjeshe haya ya kumzika mtoto. Amin."

"Amina," Wekulo alijibu.

Raho hakunywa chai. Alisema atarudi siku nyingine, akashuka ngazi polepole huku ameshika ukuta, na Wekulo akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alimkuta Nangila amesimama palepale, mfuko wa sukari ungali mikononi.

"Amekuombea dua," Nangila alisema. "Umesikia alichokuombea?"

"Nimesikia."

"Na wewe ukaitikia amina."

"Ulitaka niseme nini? Niseme mke wangu alimuua mwanao kwa paipu?"

Ndivyo lilivyotoka. Alitamani alirudishe, lakini lilikuwa limeshafika. Nangila aliuweka mfuko chini taratibu.

"Haya," alisema. "Angalau umesema ukweli mara moja leo."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Na ni kweli, nilimwaga. Nilimwaga nikiogopa mia tatu. Wewe uliona maji yanatiririka ukasema uko sawa, ukiogopa Dedan. Dedan alikataa mizani, akiogopa wateja. Sasa wote watatu tuko hai, na aliyeuliza vizuri ndiye anaitwa mjinga." Alikuwa hajalia tangu ajali, na sasa alilia, kwa hasira, anafuta uso kwa kiwiko. "Mimi nitaenda kwa wachunguzi Alhamisi. Nitasema."

"Watakufunga, Nangila! Jina lako liko kwenye kitabu!"

"Wanifunge."

"Na Ayuma?"

Hapo alinyamaza. Wekulo alidhani ameshinda. Ni kosa analolifanya mtu aliyezoea kumnyamazisha mkewe kwa kumtajia mtoto. Hakujua kwamba safari hii mke alikuwa anafikiria mtoto wa mama mwingine.

*

Uchunguzi ulifanyika katika chumba cha ghorofa ya pili chenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Mbele waliketi wachunguzi watatu, katikati mama mmoja mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Wekulo alikuwa amevaa koti alilooea. Dedan aliketi kando yake, kitabu cha vibarua mapajani, na kila mara alimgusa goti kama mtu anayemtuliza farasi. Nyuma kabisa, peke yake, aliketi Raho.

Karani alisoma taarifa. Magunia ishirini na mawili. Kilo elfu moja na tisini. Magunia yalikuwa makavu wakati wa kupakiwa. Rubani aliarifiwa uzito, akaukubali.

"Ni yako hii?" mama wa miwani aliuliza.

"Ni yangu."

"Una la kuongeza?"

"Sina."

"Mimi ninalo," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Nangila, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe cha kichwa. Alikuwa amemuaga mumewe asubuhi kana kwamba anaenda sokoni. Mlinzi alitaka kumzuia, mama wa miwani akamwambia amwache.

"Jina lako?"

"Nangila. Mimi ni kibarua wa Mbayuwayu Air. Mimi ndiye nilimwagia maji yale magunia. Baada ya kupimwa. Niliambiwa mara moja, nikarudia mara ya pili. Hayakuwa makavu. Yalikuwa yamelowa mpaka maji yanatoka chini. Kepteni hakujua. Hilo tu."

Raho alikuwa amesimama bila kujijua. Wekulo alihisi mkono wa Dedan ukiondoka gotini mwake, akajua sasa kitabu kitafunguliwa, jina litasomwa, askari wataitwa. Alimtazama mkewe pale mbele, mdogo, kitambaa kimekaa upande, akampenda kwa uchungu ambao hakuwa ameusikia kwa miaka.

Dedan alisimama. Hakuwa na haraka.

"Bi mkubwa, kampuni inaandika vibarua wote kila siku. Kitabu hiki hapa. Naomba muangalie wenyewe."

Mama wa miwani alikifungua. Alitafuta tarehe, akateremsha kidole. "Siku hiyo kuna majina matatu. Yote ni ya wanaume." Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akarudi nyuma, mwezi, miezi mitatu, mwaka. Kurasa zilisikika. "Mama, umefanya kazi hapo kwa muda gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Humu hakuna Nangila. Hakuna hata mara moja."

"Nililipwa mkononi. Mia tatu kwa siku."

"Una risiti?"

"Risiti ya mia tatu?" Nangila alitazama huku na huku, kana kwamba risiti ingekuwa imeangukia pale. Kisha akanyoosha mikono yake, viganja juu, iliyo na sugu za sindano na kamba. "Mikono ndiyo hii."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Huyu ni mke wa mfanyakazi wetu," Dedan alisema kwa huruma. "Tunamjua. Huwa anamletea mumewe chakula. Nafikiri hii ajali imemgusa sana."

Wekulo alikuwa bado anaangalia kitabu. Akili yake ilikuwa inatembea polepole, lakini ilifika. Jina halikuwa mle. Halikuwa mle siku ya Burma, halikuwa mle siku yoyote. Yule mtu alikuwa amemtishia kwa karatasi tupu. Hakuna askari ambaye angemtafuta Nangila, kwa sababu kwa kampuni ile Nangila hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa amemuuza Nuradin ili amkomboe mke ambaye hakuna aliyekuwa amemshika.

"Bwana Wekulo," mama wa miwani alisema. "Taarifa yako inasema makavu, mke wako anasema yalilowa. Mmoja wenu ananidanganya, na yako ina sahihi. Nakuuliza mara moja. Siku hiyo, mkeo alikuwepo bandani?"

Sasa hakukuwa tena na mke wa kumlinda. Hilo alilijua wazi, na tusiseme baadaye kwamba hakulijua. Aliyebaki wa kulindwa alikuwa mmoja tu, mwanamume wa miaka arobaini na saba aliyetia sahihi uongo, mwenye kazi ya kudumu na makato yake ya kila mwezi. Nangila alimtazama. Hakumwomba. Alimtazama tu jinsi mtu anavyomtazama mwenzake wakishika gunia pande mbili, akingoja aseme haya, tuinue.

"Hakuwepo," Wekulo alisema.

"Una hakika?"

"Hakuwepo. Mke wangu ana huzuni, bi mkubwa. Mumsamehe."

Karani aliandika. Mikono ya Nangila ilikuwa ingali imenyooshwa, akaishusha, akaikunja tumboni kama mtu aliyesikia baridi. Ni Raho aliyekuja mbele kutoka nyuma ya chumba, akamshika bega.

"Twende, mwanangu," alisema. "Mimi nimekuona."

Walipopita karibu na Wekulo, Raho alisimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kabisa.

"Ile dua ya Jumapili," alimwambia, "sikunyang'anyi. Kaa nayo."

Nje, kwenye ngazi, Dedan alimpiga Wekulo begani. Alimwambia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri kuna ndege ya kukodi kwenda Mandera, magunia ishirini. Rubani ni mgeni, binti mmoja anaitwa Whitney, amfundishe mambo ya pale.

"Na miraa?" Wekulo aliuliza. "Nani atamwagilia?"

"Tutapata mama mwingine," Dedan alisema. "Hawakosi."

*

Wekulo alifika Mowlem jioni, akiwa amepita madukani akanunua unga, kilo nzima ya nyama na soda tatu. Ngazini alipanga maneno. Angesema alifanya vile kwa ajili yao. Angesema mtu mkubwa hashindwi na mtu mdogo. Angesema baadaye, mambo yakitulia, watamtembelea Mama Nuradin.

Nangila alikuwepo, ameketi kitandani na lile gauni la kanisani. Gunia na sindano havikuwepo tena pembeni. Jiko halikuwa limewashwa, sufuria zilikuwa zimepangwa ukutani, safi, kama za dukani. Wekulo aliiweka nyama mezani.

"Mama Ayuma, nimeleta kitu kidogo."

Alivua koti, akalitundika. Alitafuta kiberiti, akakikosa, akakaa. Alianza, "Nilitaka ujue..." halafu maneno yale mazuri ya ngazini hayakutoka hata moja.

Ayuma aliingia na begi lake mgongoni, akalitupa nyuma ya pazia. Aliona nyama, aliona soda, aliona jiko.

"Mathe, kwani leo hakupikwi? Niko na njaa mbaya."

"Sijui," Nangila alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutoa sauti tangu mumewe aingie. "Muulize babako kama niko. Yeye ndiye anajua siku ambazo niko na siku ambazo siko."

Ayuma akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamgeukia baba yake, akamngoja ajibu.